Jumatano: Barzilai Anakataa Meza ya Mfalme

Soma 2 Samweli 19:31–39. Barzilai alimjibu Daudi nini, na kwa sababu gani?

Mwaka 1950 mwanasaikolojia Erik Erikson, huko Marekani, aliyagawa maisha ya mwanadamu katika hatua nane, kila moja na pambano lake. Mtoto mchanga hujifunza kuamini. Kijana hujiuliza yeye ni nani. Katika hatua ya saba mtu mzima hulea kizazi kinachomfuata, la sivyo hudumaa. Katika ya nane mzee hutazama nyuma, akaridhika au akakata tamaa.

Barzilai alikuwa na miaka 80. Alimlisha Daudi kule Mahanaimu wakati wa uasi wa Absalomu, na sasa anaitwa Yerusalemu ale mezani pa mfalme. Anakataa. Anakiri waziwazi kwamba hasikii tena ladha ya chakula wala sauti za waimbaji, naye anataka kufia mjini kwake, karibu na kaburi la wazazi wake. Hakuna uchungu katika maneno hayo. Kisha anamtoa Kimhamu aende badala yake.

Umri peke yake hauamui. Kalebu, akiwa na miaka 85, aliomba apewe nchi ya milima (Yoshua 14:10–12). Lakini Barzilai hakungoja kuondolewa, kama wazee wengine wa kanisa wanaongoja kamati ya uchaguzi.

Katika kanisa lako, ni huduma gani ina Kimhamu anayesubiri? Nani atamtaja kwa jina?