Mbele ya Watu wa Chuo: Adabu za Kuuliza

Amesimulia Sayyidna Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu Awe radhi naye, khabari mashuhuri aliyoipokea Imam Muslim: siku moja alitokea mtu mwenye nguo nyeupe mno, akaketi karibu na Mtume, Rehema na Amani zimshukie, akamuuliza juu ya Uislamu, kisha Imani, kisha Ihsani, kisha Kiyama. Alipokwisha kwenda zake, Mtume aliwajulisha Masahaba kuwa yule ni Jibrili, amekuja kuwafundisha dini yao. Tazama, ewe ndugu: Jibrili hakusimama kuhutubu. Aliuliza, na kuuliza kwake kukahisabiwa kuwa ni kufundisha, kwani wote waliokuwapo walinufaika na majawabu.

Twalitaja hili kwa sababu kila mwaka, yatokapo matokeo ya mitihani ya sekondari, vyuo huwaita vijana na wazazi kuwaeleza masomo yao. Wengi wetu huketi kimya kwa haya, tukarudi majumbani na karatasi zenye picha nzuri. Na athubutuye kuuliza husema, "Je, chuo chenu ni kizuri?" Nani aliyepata kumsikia muuza samaki akisema samaki wake wameoza? Suali lenye kufaa ni lile ambalo jawabu lake laweza kuhakikishwa kesho, mahali pengine, kwa mtu asiyekuwa na la kuuza.

La kwanza ni idhini. Hapa Kenya vyuo vikuu husimamiwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kwa sheria ya mwaka 2012, na vyuo vya ufundi vina mamlaka yao kwa sheria ya mwaka 2013. Usiulize juu ya chuo peke yake. Uliza juu ya somo lile alitakalo mwanao. Omba uonyeshwe hati, kisha uende ukahakikishe kwa walioitoa.

La pili ni kazi. Muuguzi hana ruhusa ya kuuguza ila aandikishwe na Baraza la Wauguzi, wala mhandisi ila na Bodi ya Wahandisi. Basi uliza: "Amalizaye kwenu huandikishwa huko?" Kijana akiambiwa baada ya miaka minne kuwa shahada yake haikubaliwi, umri ule haurudi, wala shamba lililouzwa halirudi.

La tatu ni fedha. Uliza gharama yote mpaka siku ya kumaliza: mitihani, vyombo, malazi, na mazoezi ya kazi. Na yajulikane mapema yaliyo msaada na yaliyo deni. Mkopo wa serikali wa wanafunzi hutozwa faida, na riba kwetu si jambo dogo; basi mzazi awaendee wanavyuoni kabla ya kutia sahihi, si baada yake.

La nne, usitosheke na sifa za zamani. Kile walichokiita wazee wetu MIOME kilikuwa Mombasa Polytechnic mwaka 1972, na mwaka 2013 kikawa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Jina hubadilika, na masomo hubadilika pamoja nalo. Uliza yanayofundishwa leo.

Tena katika khabari ile ile mna fundisho jingine. Mtume alipoulizwa Kiyama kitakuwa lini, alijibu kuwa mwenye kuulizwa si mjuzi zaidi kuliko mwenye kuuliza. Basi mtu wa chuo akikwambia, "Hili silijui, nitakutafutia," usimdharau. Huyo ni wa kuaminiwa kuliko mwenye jawabu la haraka kwa kila jambo.

Uliza kwa upole, suali moja moja, na kwa sauti ya kusikika. Huenda nyuma yako ameketi mama mwenye suali lilo hilo, na haya zimemziba kinywa. Na kijana naye aachwe aulize mwenyewe, kwani ni yeye atakayesoma.

Mwenyezi Mungu Awape watoto wetu ilimu yenye manufaa, Amin.