Mdogo Wangu, Usione Haya Kupenda Muziki wa Zamani

“Dada, nina miaka 19, nakaa Wete. Napenda Queen na taarab ya zamani, kanda za baba nimezimaliza zote. Wenzangu wananiita bi kizee. Nifanyeje?”

Endelea kusikiliza, mdogo wangu. Umependa vitu vilivyofanyiwa kazi, na hilo si la kuonea haya.

Tuanze na hao Queen, maana wako wanaodhani ni muziki wa watu wa mbali tu. Freddie Mercury, muimbaji wao, kazaliwa hapo Unguja mjini, 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, akaondoka na wazee wake mwaka 1964. Chukua albamu yao ya 1975, A Night at the Opera. Wote wanne wametunga humo, kila mmoja kwa ladha yake, ndiyo maana ukiisikiliza nzima huchoki. Humo imo Bohemian Rhapsody, inayokaribia dakika 6. Wakaambiwa redio hazitaipiga kwa urefu huo, nao wakakataa kuikata. Uingereza ikakaa namba moja wiki 9, na Freddie alipofariki mwaka 1991 ikapanda tena namba moja. Ile sehemu ya katikati unayodhani ni kwaya nzima ni sauti za watu watatu, waliorekodi juu ya kanda ile ile, mara juu ya mara, hata wenyewe wakasimulia kwamba kanda ilichakaa ikawa inapitisha mwanga. Watu waliojipa taabu kiasi hicho, utawachoka vipi?

Na taarab ya baba ni hivyo hivyo. Siti binti Saad alirekodi santuri Bombay mwaka 1928. Kikundi cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905, cha Culture tangu 1958. Waliokuwa wakipiga mwanzo wameshatangulia, na vikundi vipo. Nyimbo zao hazina pupa. Fidla, kanuni, udi na akodiani hutangulia, muimbaji ametulia anasubiri zamu yake, na ubeti ukisha vyombo vinamjibu. Wewe ukiipeleka mbele kwenye simu ili umkute muimbaji, nyimbo umeiacha nusu.

Sisi Pemba tuna wakati wake hasa: msimu wa karafuu. Usiku mko mkekani mnachambua, karafuu huku, makonyo huku, pishi baada ya pishi, vidole vinanukia mpaka asubuhi. Kazi ya namna hiyo haiendi na nyimbo ya dakika mbili. Weka upande mzima wa kanda, uache ujiishie. Adhana ikilia, zima. Hilo najua hukuhitaji kuambiwa.

Ninalokusisitiza ni hizo kanda zenyewe. Hewa yetu ina unyevu, na kanda ikishashika ukungu sauti inaweza kuharibika isirudi. Muombe baba ruhusa, mtafute mwenye redio ya kanda iliyo nzima, mzihamishie kwenye kompyuta. Ukanda ukilegea, uvute taratibu kwa kalamu kabla hujaupiga. Na kaa na baba pembeni uandike: nyimbo gani, nani kaimba, kaipata wapi. Makasha mengi hayana hata herufi moja juu, na aliyenunua ndiye anayejua. Usingoje mpaka afike wa kuuliza asiwepo wa kujibu.

Lakini nakukanya, usiwabeze wenzako kwa nyimbo zao za sasa. Mwenye kudharau hasikilizwi, na mimi nataka wakusikilize. Huyo shoga yako anayekuita bi kizee, mwalike siku ya kuchambua. Chagua nyimbo moja ndefu, uiache mpaka mwisho, na usimwambie ni ya mwaka gani mpaka aulize mwenyewe.