Mazoezi kwa Mgonjwa wa Skizofrenia: Asitoke Peke Yake

Kijana akikimbia asubuhi kando ya foleni ya malori Tunduma, watu humwona mwanamichezo. Akikimbia yule ambaye mtaa mzima unajua aliwahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili, utasikia: kimempanda tena. Ndiyo maana familia nyingi huona heri mgonjwa wao ashinde ndani, ale, anywe dawa, alale. Lakini kushinda ndani nako kunamdhuru.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, skizofrenia humpata mtu mmoja hivi kati ya kila 300. Wengi wanaijua kwa sauti anazosikia mgonjwa na hofu ya kwamba anafuatwa. Kisichosemwa sana ni kwamba wagonjwa hawa hufa mapema kuliko wenzao, na mara nyingi kinachowaua ni moyo na kisukari. Baadhi ya dawa, hasa olanzapini, huamsha njaa na kuongeza uzito; nyingine huleta usingizi mzito.

Mazoezi hayachukui nafasi ya dawa. Anayeacha sindano yake ya kila mwezi kwa sababu siku hizi anakimbia, ameanza safari ya kurudi wodini. Faida ya mazoezi iko kwingine: usingizi, moyo, huzuni, na ile hali ya kujitenga na kukosa ari ambayo dawa huigusa kidogo tu, na ambayo ndugu huiita uvivu. Tafiti zilizojumlishwa pamoja zimeonyesha dalili zikipungua kwa waliofanya mazoezi ya kutoa jasho kama dakika 90 kwa wiki. Ujerumani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wagonjwa waliendesha baiskeli ya ndani dakika 30, mara tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu. Sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu ilikua kwa asilimia 12 hivi. Walikuwa wachache mno, na tafiti za baadaye hazikukubaliana zote, kwa hiyo tusiipigie ngoma. Uzito nao huenda usishuke sana. Moyo na mapafu hunufaika hata hivyo.

Anzeni na kutembea dakika kumi, wawili, kupitia njia za mtaani badala ya barabara kuu yenye vumbi na moshi. Nasema wawili kwa makusudi: wagonjwa wenye msimamizi huacha mazoezi mara chache kuliko walioachiwa wajisukume wenyewe, na akiwa na shemeji au mdogo wake, majirani hupunguza minong'ono. Mbeya, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda, mradi wa Kuwezeshana Kupata Uzima uliwakutanisha wagonjwa na ndugu zao wajifunze ugonjwa huu pamoja. Ndugu huyohuyo anaweza kuwa mwenzake wa mazoezi.

Je, kupalilia kahawa kule Mbozi ni mazoezi? Ndiyo, tena mazuri. Ila wapo wanaomlimisha mgonjwa kutwa nzima kwa sahani ya ugali. Hayo msiyaite tiba. Alipwe kama kibarua mwingine.

Dawa zina masharti yake. Klopromazini hufanya ngozi iungue upesi juani, na dawa za kuzuia kukakamaa hupunguza jasho, hivyo mwili hushindwa kujipoza. Baridi ya asubuhi Tunduma inasaidia. Bondeni Kamsamba tokeni kabla jua halijapanda, na maji yawepo. Akiinuka, ainuke taratibu, maana presha inaweza kushuka ghafla. Na mkimwona anazunguka uani bila kuweza kutulia, msidhani anafanya mazoezi: huenda ni athari ya dawa, na daktari anapaswa kuambiwa.

Siku sauti zikizidi, msimlazimishe kutoka. Maumivu ya kifua au kuzimia ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Mkienda kliniki, Tunduma au Vwawa, ombeni apimwe uzito, presha na sukari kabla hajaanza, kisha tena baada ya miezi mitatu.