"Wameshiba": Kwa Nini Mabingwa Wengine Huendelea na Wengine Huporomoka



Kila Jumapili asubuhi, baada ya mechi za Jumamosi za Ligi Kuu ya Uingereza, hosteli zetu za Kampala hugeuka mahakama. Timu iliyofungwa inashitakiwa, kocha anahukumiwa bila wakili, na mwenye jezi mpya anajifungia chumbani. Ikiwa aliyefungwa ni bingwa mtetezi, hukumu huwa moja, na kila mtu anaijua, kuanzia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hadi muuza rolex wa getini: "Hawa wameshiba."

Neno hili ndilo nataka tulichunguze, maana tunalitumia kumaliza mjadala mahali ambapo mjadala ulipaswa kuanza. (Wenye mikeka ya kubeti wanisamehe, makala haya si yao. Hukumu ya kamari wanaijua, na isitoshe, aliyeweka pesa ya matumizi kwenye matokeo haangalii mpira, anaangalia pesa yake.)

Tuanze na Leicester City, kwa sababu ndio hutolewa mfano mara nyingi. Mwaka 2016 walichukua ubingwa kwa pointi 81, wakiwaacha Arsenal walioshika nafasi ya pili kwa pointi 10. Mwezi Februari 2017, wakiwa pointi moja tu juu ya eneo la kushuka daraja, kocha wao Claudio Ranieri alifukuzwa. Tukasema wameshiba. Lakini tazama vizuri. Msimu huohuo Leicester walifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Ulaya. Aliyeshiba hafiki huko. Baada ya Ranieri kuondoka, wachezaji walewale walishinda mechi tano za ligi mfululizo na kumaliza wa 12. Na kuna jambo ambalo hukumu yetu ililisahau: N'Golo Kanté, aliyekuwa akikata mipira katikati ya uwanja, alikuwa ameuzwa Chelsea. Chelsea waliomaliza nafasi ya 10 msimu uliotangulia wakawa mabingwa kwa pointi 93. Mtu mmoja hakuleta yote hayo peke yake, wala sisemi hivyo. Nasema kwamba kabla ya kupima moyo wa mchezaji, hesabu kwanza ni nani hayupo.

Kwa hiyo kushiba hakupo? Kupo. Ila tunakutafuta mahali pasipo penyewe. Tunadhani njaa ya ushindi hutoka kwenye hotuba ya kocha chumbani wakati wa mapumziko. Hotuba husaidia dakika 45. Msimu una mechi 38, na nyingi kati ya hizo huchezwa kwenye baridi dhidi ya timu ambayo hakuna mtoto anayeivalia jezi. Hapo msisimko haufiki. Kinachofika ni mpangilio uliowekwa mapema, wakati mambo bado ni mazuri.

Mtu aliyeuelewa mpangilio huu kuliko wengi ni Alex Ferguson wa Manchester United. Mwaka 1995 aliukosa ubingwa siku ya mwisho, Blackburn wakauchukua. Kocha mwingine angeongeza nyota. Yeye aliwauza Paul Ince, Mark Hughes na Andrei Kanchelskis, watu watatu waliompa mataji, akawapa nafasi vijana waliolelewa klabuni: Scholes, Beckham, Butt na ndugu wawili Neville. Mechi ya kwanza ya msimu walifungwa 3-1 na Aston Villa, na Uingereza nzima ikacheka. Mei 1996 walikuwa na ubingwa wa ligi na Kombe la FA kwa pamoja. Hakuwauza wale watatu kwa sababu hawajui mpira. Aliona kwamba kijana asiye na kitu atakimbilia mpira ambao mwenye medali atausindikiza kwa macho.

Mfano unaonitatiza mimi mwenyewe ni wa 1999. Mwaka huo United walichukua mataji matatu, la mwisho likiwa la Ulaya, Barcelona, tarehe 26 Mei, kwa magoli mawili ya dakika za nyongeza dhidi ya Bayern Munich. Kama kuna timu iliyokuwa na haki ya kushiba, ni hiyo. Msimu uliofuata, kikosi kikiwa karibu kilekile, walichukua ligi kwa pointi 91, tofauti ya pointi 18 na Arsenal. Wageni wapya hawakuwa wengi, basi njaa ilitoka wapi? Sina jibu kamili, ila naona jambo moja. Nahodha Roy Keane na Paul Scholes hawakucheza fainali ile. Walikuwa na adhabu ya kadi. Nguzo mbili za kiungo zilikaa pembeni wakati wenzao wakila karamu. Ukiwa na watu kama hao katikati ya timu, ni vigumu kwa waliobaki kulala.

Na hapa kuna somo letu pia, kwa sababu mwanafunzi naye ana misimu. Tunawajua wenzetu waliopata alama za juu mwaka wa kwanza, wakaufikia mwaka wa tatu kwa njia zilezile za kusoma na daftari zilezile, wakishangaa kwa nini mambo hayaendi. Hawakuwa wavivu. Walikuwa wanatetea ubingwa wa mtihani uliokwisha. Tunaambiwa katika dini yetu kwamba amali inayopendeza zaidi ni ile inayodumu hata ikiwa ndogo, na tukisikia hivyo tunafikiria kurudia. Kudumu si kurudia tu. Jumuiya zetu za wanafunzi hubadilisha viongozi kila mwaka na sisi hulalamika kwamba tunapoteza wazoefu. Ferguson angetuambia huo ndio utajiri wetu, mradi mzoefu akae mwaka mzima karibu na mgeni kabla ya kumkabidhi funguo.

Turudi uwanjani. Manchester City chini ya Pep Guardiola walifanya jambo ambalo hakuna timu iliwahi kulifanya Uingereza: ubingwa mara nne mfululizo, kuanzia 2021 hadi 2024. Ubingwa wa 2022 waliupata kwa pointi 93 dhidi ya 92 za Liverpool. Kiangazi hicho, badala ya kupumzika na kikosi kilekile, waliwaacha Sterling, Gabriel Jesus na Zinchenko waende London, wakamleta Erling Haaland. Akafunga magoli 36 ya ligi katika msimu wake wa kwanza, rekodi mpya. Liverpool nao wanastahili shukrani kwa mafanikio ya City. Jirani anayekukaribia kwa pointi moja hukuamsha alfajiri bila saa.

Kisha kiangazi cha 2024 City waliingiza watu wachache, na Julián Álvarez akaondoka. Septemba kiungo wao Rodri akaumia goti. Novemba na mwanzoni mwa Desemba walipoteza mechi nne za ligi mfululizo, ikiwemo 4-0 nyumbani dhidi ya Tottenham. Nakumbuka mwaka ule ilivyokuwa hapa chuoni: Oktoba ikiisha Uingereza hurudisha saa nyuma, mechi yao ya saa tisa huanza kwetu saa kumi na mbili jioni, na adhana ya Magharibi huingia karibu na mapumziko. Mashabiki wa City walitoka kuswali na hawakurudi kwenye runinga. Walimaliza wa tatu kwa pointi 71. Januari walikuwa wamenunua wachezaji kwa haraka, kazi ambayo ingefanywa kiangazi kabla ya jeraha.

Hapa kwetu Uganda tunalo somo hilo bila kuvuka bahari. SC Villa walichukua ubingwa wa nchi mfululizo kuanzia 1998 hadi 2004. Wazee wa Jogoo waliamini ni desturi, kama mvua ya masika. Taji lililofuata lilikuja 2024. Miaka 20! Wapo wanafunzi wenye jezi ya Villa ambao walizaliwa baada ya lile la 2004.

Hata Ferguson hakuikwepa kanuni yake. Mwaka 2013 alistaafu akiwa bingwa kwa pointi 89, mbele ya City kwa pointi 11. Tukaona kikosi kizima. Lakini Giggs alikuwa na miaka 39, Scholes akastaafu naye, Ferdinand, Vidić na Evra walikuwa wamevuka 30. Upyaji ulikuwa umeahirishwa, na ubingwa ule ulilifunika jambo hilo. Kocha mpya David Moyes aliingia na karibu watu walewale. Mei 2014 Manchester United walimaliza nafasi ya 7 kwa pointi 64, na hosteli ikasema wameshiba.