Dondoo muhimu: Andika kabla nyumba haijaamka

Mzazi anayeshinda nyumbani na watoto, naye anataka kuandika blogu, mara nyingi husubiri saa mbili za utulivu, na saa hizo hazifiki. Afadhali ahesabu maneno. Maneno 150 kwa siku, siku tano, ni 750 kwa wiki, yaani makala nzima. Toni Morrison, aliyekuwa mhariri wa Random House huku akilea wana wawili peke yake, aliandika alfajiri kabla hawajaamka. Riwaya yake ya kwanza, The Bluest Eye, ilitoka mwaka 1970. Hakuwa na muda mwingi, ila aliujua ulipo.

Wapo watakaosema maandishi ya vipandevipande hukosa mshono. Ni kweli, kama kila kikao kinaanza na ukurasa mtupu. Ndiyo maana inafaa kuikatisha sentensi katikati na kuacha chini yake maneno mawili matatu ya kinachofuata, ili kesho usipoteze dakika kumi ukijiuliza ulifika wapi. Wazo likija mikono ikiwa kwenye unga, lirekodi kwa sauti kwenye simu. Kinachodai utulivu hasa ni kuhariri: kutengee usiku mmoja wa wiki, lakini usichapishe usiku huohuo, maana uchovu hupitisha makosa kama mlinzi aliyesinzia getini. Na picha za watoto? Usioneshe sura wala sare ya shule. Hawajaulizwa, na picha ikishasambaa mtandaoni hairudi.