Weka Nyundo Chini, Katafute Shabu

Mdogo wangu uliyeniandikia kuhusu kishikio cha kitasa cha mteja, nimekusikia. Skrubu ilikatikia ndani, ukaitoboa, ukaingiza kile chuma cha kung'olea chenye nyuzi za kushoto, nacho kikakatikia humo humo. Sasa unauliza utumie biti gani.

Biti ya kawaida haitakusaidia. Chuma hicho kimekomazwa kwa moto, kigumu mno. Biti itateleza juu yake na kukimbilia pembeni kwenye madini laini ya kishikio, na hapo ndipo kazi inapoharibika kweli. Ugumu huo huo ndio unaokifanya kikatike badala ya kupinda. Ukikigonga kwa nyundo vipande vinaweza kuruka, kwa hiyo vaa miwani ya kazi, tafadhali, hata kwa pigo moja.

Kwanza jua kishikio chenyewe ni cha madini gani. Kikwangue kidogo upande wa ndani usioonekana. Sumaku ikinasa, ni chuma, na ushauri wa shabu nitakaokupa hapa chini haukuhusu. Ukiona kijivu, huenda ni zinki iliyopakwa rangi ya dhahabu, nayo italiwa na shabu pia. Ukiona manjano tupu mpaka ndani, mshukuru Mungu, hiyo ni shaba.

Kanunue shabu sokoni, ile ile ya vinyozi. Mafundi saa wameitumia kwa kazi hii tangu zamani. Itwange, ikoroge kwenye maji ya moto ndani ya chupa ya kioo mpaka ikatae kuyeyuka tena. Kabla ya kutumbukiza kishikio, ng'oa springi, pini na kila kipande cha chuma unachotaka kibaki, maana shabu haichagui: shaba itaiacha, chuma itakila chote. Iweke chupa ndani ya sufuria ya maji ya moto, mahali penye hewa, na ubadilishe maji ya sufuria yakipoa.

Chungulia tunduni. Utaona viputo vidogo vinapanda mfululizo. Ndiyo kazi inafanyika. Chuma kinageuka tope jeusi, litoe kwa kijiti cha meno, kisha rudisha. Viputo vikikoma na chuma bado kipo, tengeneza maji mapya ya shabu. Yaweza kuchukua saa kadhaa, yaweza kupita siku nzima. Usiharakishe kwa koleo, mdogo wangu, nakuomba. Kama skrubu yenyewe ni ya chuma kisichoshika kutu, hapo shabu haifui dafu.

Chuma kikitoka, osha kishikio kwa sabuni, kausha vizuri, weusi wa shaba uutoe kwa ndimu na chumvi.

Na kama kishikio ni cha chuma, tafuta karakana yenye mashine inayotoboa kwa cheche za umeme. Gharama yake yaweza kupita bei ya kishikio kipya, kwa hiyo mpigie mteja leo, mweleze kilichotokea, achague mwenyewe.