Majani Machungu na Ugonjwa wa Kisukari



Katika vikao vya parokia huko Kibondo na Kasulu swali hili halikosekani: je, mgonjwa wa kisukari anaweza kunywa dawa ya miti shamba akaachana na vidonge? Mara nyingine dawa yenyewe huletwa kikaoni, imo kwenye chupa ya maji, haina jina wala kipimo.

Tusianze kwa kuidharau. Metformini, kidonge kinachotumiwa na wagonjwa wengi duniani, kilitokana na utafiti wa mmea wa Ulaya uitwao galega. Daktari Mfaransa Jean Sterne alitangaza matokeo yake mwaka 1957. Hapa kwetu upo mti ambao ndugu zetu wa Burundi huuita umubirizi. Hata sokwe wa Mahale, mkoani humu humu Kigoma, wanaujua: mwaka 1987 Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde walimwona sokwe mgonjwa akitafuna kiini cha matawi yake machungu. Watafiti wamewapa panya wenye kisukari maji ya majani yake, na sukari ikashuka.

Lakini panya si mama yako. Galega mbichi ni sumu kwa kondoo. Kinachotibu ni dawa ya maabara yenye kiasi kinachojulikana. Konzi ya majani haina kiasi. Sukari yaweza isishuke, au ikashuka mno, hasa mgonjwa akichanganya na insulini au glibenklamaidi: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, kuzimia. Akiwa na fahamu apewe maji ya sukari haraka. Akizimia asinyweshwe kitu, apelekwe hospitali.

Mwaka 2011 maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Kisukari kilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyotajwa, na wapo walioacha dawa zao za hospitali. Kwa kijana anayeishi kwa insulini, kuiacha siku chache tu ni kifo. Hakuna jani linaloshika nafasi yake.

Basi wanakamati, mkimtembelea mgonjwa muulizeni anakunywa nini, bila kumkaripia. Akikaripiwa ataficha, na mganga wa zahanati hatajua. Apime sukari kabla ya kula asubuhi, ikifika 7.0 au zaidi mara kwa mara, aende kliniki na chupa yake mkononi.

Kwa wafadhili: mashine ya kupimia bila vijiti vyake ni kopo tupu. Tunaomba vijiti kwanza.